Bati Halina Nyama

Kibuye, saa mbili asubuhi, nyundo zimeshaanza kubishana,
nami nimeinama juu ya kifuniko cha mashine ya posho
cha Mama Perpetua Anyona wa Manyatta.
Kimerudi jana kwa mkokoteni.
Skrubu nne zimeanguka njiani, ya tano imeliwa na kutu,
ya sita inazunguka tu, inazunguka,
kama mgeni asiyejua aage vipi.

Nilikitengeneza mwenyewe. Sitamsingizia mtu.
Nilitoboa bati, nikatia skrubu,
nikakaza kwa bega zima
kwa kuwa siku hiyo mwenye nyumba alikuwa amenitolea godoro nje
na skrubu ndiyo iliyokuwa karibu.
Nikasikia ulaini wa ghafla kiganjani,
jino la mtoto linapoachana na ufizi.
Nikajua.
Nikapaka rangi juu. Nikalipwa.

Fundi Raburu hakunigombeza.
Alikiinua kifuniko, akafumba jicho moja,
jua likapenya tundu likamdondokea shavuni.
"Apondi, hesi ngapi humo?"
Nikahesabu. Moja. Na hiyo moja imepukutika.
"Bati halina nyama," akasema.
"Skrubu ina meno. Umeipa hewa, itaume nini?"
Kisha akarudi kwenye masanduku yake ya shule
akaniacha na kifuniko na aibu yangu,
vyote viwili vya kunyoosha.

Basi nimeanza upya, pembeni mwa matundu ya zamani.
Kitundu chembamba kwanza, keekee ikilia.
Kipande cha bomba chini, mdomo wazi,
na juu yake ncha ya chuma iliyochongwa kama penseli.
Nyundo. Siyo ya hasira. Nyundo ya kubisha hodi.
Bati linashuka, linajikunja, linaota shingo,
shingo fupi, urefu wa punje ya mchele,
lakini sasa kuna nyama.

Halafu tapu: nusu mzunguko mbele, robo nyuma,
tone la mafuta ya kupikia, maana ya mashine yameisha,
na unyoya wa chuma unatoka umejisokota, unang'aa.
Mbele. Nyuma. Usiharakishe; tapu ikikatikia ndani
utalia na hakuna wa kukupangusa.

Matundu mawili yako kwenye kona,
nyuma yake hata kidole cha mtoto hakipiti.
Hapo nimeweka nati za kuvuta, za kwa Jayant, shilingi arobaini moja:
zinaingia kwa mbele, nyembamba, zina adabu,
ukizivuta zinafura tumbo upande wa giza
na kulishika bati kutoka huko nisikokuona.
Ya kwanza niliitobolea tundu pana mno. Ikacheza.
Arobaini ikaenda. Nikanunua nyingine kwa nauli yangu.

Bolti sita. Washa ya springi chini ya kila moja,
kwa sababu mashine ya posho hutetemeka tangu alfajiri,
na kinachotetemeka hufungua hata kilichoapa.
Nimekaza hadi spana ikanong'ona, nikaongeza kidogo,
nikaondoa mkono.
Huko kuondoa mkono ndiko kulikonichukua miaka miwili.

Mwisho nimechovya kijiti katika rangi nyeupe,
nikachora mstari kutoka kichwa cha bolti hadi batini,
sita, wembamba, ili bolti ikisogea nijue kabla ya unga kujua.

Jumamosi nilipita Manyatta kama mnunuzi.
Mama Perpetua alinipimia gorogoro, hakuniangalia usoni.
Mkanda ulipiga kelele, kifuniko kilitulia,
vumbi jeupe lilinijaa kope.
Nikahesabu mistari. Mitano mizima.
Wa sita, kona ya kushoto, umehama kwa upana wa unywele.

"Zima kidogo, Mama," nikasema,
nikaweka unga chini,
nikatoa spana mfukoni.